Betri Nne

Kisenyi, Kampala
2 Julai 2018

Kwa ndugu yangu mpenzi Rayyan,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba joto la Doha halijawakausha kama ng'onda. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola, ila kwa jambo moja ambalo ndilo lililonikalisha chini. Najua ukiiona karatasi utasema Hajara kaishiwa bando. Sikuishiwa. Kwenye simu nikikuandikia maneno marefu wewe hunijibu kwa picha ya kidole gumba, na habari ya leo haitaki kidole gumba. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu anayesafiri kuja huko wiki hii akukabidhi mkononi.

Kwanza shukrani. Ile gemu mpya ya mkononi uliyomletea binti yangu Shamim ilifika salama, imefungwa kama mahari. Kioo chake kiling'aa hata mume wangu Asuman akaacha kutazama mpira, na wewe unamjua Asuman na mpira. Sasa nisikufiche, maana mficha maradhi kifo humuumbua: gemu imekufa. Haikumaliza hata wiki. Iliteleza kochini ikaangukia mkeka. Sikusema saruji, Rayyan, nimesema mkeka! Kioo kikawa cheusi, na mtoto akalia mpaka majirani wakadhani tumefiwa. Asuman akajigamba kwamba mtu anayefufua malori gereji hawezi kushindwa na kidude cha kuchezea, lakini skrubu zake hazikukubali bisibisi yoyote aliyo nayo. Tukampelekea fundi wa simu pale karibu na stendi ya teksi. Akaigeuzageuza, akanirudishia na kuniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, "Nyabo, hii betri walibandika na gundi. Spea yake hakuna. Wewe nunua ingine." Sasa imekaa kabatini kando ya picha ya harusi yako, nzuri lakini haina kazi. Tafadhali usitume nyingine.

Nilipoiona imelala pale nikaikumbuka Jiwe, gemu yako ya utotoni. Usiniambie umeisahau. Mjomba Abubakar aliileta kutoka Dubai mwaka wa tisini na nne, ya kijivu, nene kama kipande cha sabuni ya mche, na wavulana wote wa uchochoro wetu wakawa wanapanga foleni barazani kana kwamba tunagawa sukari. Ndio walioipa jina hilo, na ilistahili. Ulipanda nayo juu ya paa kujificha usitumwe dukani, ikakuponyoka mpaka chini, ukashuka ukaikuta inaendelea kuimba. Baiskeli ya muuza mkate ikaipita juu. Mimi mwenyewe niliiloweka kwenye beseni la nguo, imo ndani ya mfuko wa kanzu yako, nikaisugua na sabuni vizuri kabla ya kuhisi kitu kigumu. Tukaianika kwenye mabati siku nzima, na jioni ulipoiwasha ikafanya ting! yake kama mtu aliyetoka kuoga. Ilipata ufa kwenye pembe moja tu.

Ilivumilia kila kitu isipokuwa Mama. Na hapo, ndugu yangu, Mama hakukosea. Ulichukua betri za redio yake ndogo ukazitia kwenye gemu, tena usiku gani? Usiku wa kungoja mwezi! Yeye akakaa na redio bubu, hajui kwamba haina betri, akasema kama mwezi ungeonekana wangetangaza. Tukala daku, tukatia nia. Asubuhi wanafunzi wake wakaja na nguo mpya kumpa mkono wa Idi, wakamkuta mwalimu wao wa Kurani amefunga siku ambayo kufunga ni haramu, hana hata kikombe cha chai cha kuwapa. Mpaka leo wazee wa Kisenyi wakimwona karibu na Idi humuuliza kama redio yake nzima. Siku hiyo ndiyo aliyokupokonya Jiwe.

Sheria ya chuo chake unaijua. Anachomnyang'anya mwanafunzi hakitupi wala hakigawi. Anakiweka, na siku mwanafunzi anapohitimu juzuu zote thelathini anamrudishia mbele ya wazazi, kabla pilau haijapakuliwa. Asuman alirudishiwa manati yake akiwa ameshaota ndevu, na mimi nikiwa upande wa wanawake nikacheka hadi nikafukuzwa. Ndiyo siku aliyoniona, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Wewe zilikubakia juzuu tatu tu. Kisha kesho yake ukasikia kinu kinatwangwa jikoni, ukaamua kwamba Mama anaitwanga gemu yako, ukaapa hukanyagi tena chuoni. Na hukukanyaga. Ukamaliza shule, ukapata kazi, ukaoa, ukapanda ndege. Hukumkosea adabu hata siku moja, hilo nakupa haki yako, na kila Idi unatuma zawadi. Lakini mwaka jana nilikusikia kwenye simu ukiwachekesha wanao kwamba bibi yao alikutwangia gemu kwenye kinu. Mama alikuwa kando yangu. Wakati ule masikio yake yalikuwa bado yanamsaidia, na akayasikia yote. Aliinuka tu akaenda kutawadha.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha. Tangu mwezi wa Shaabani Mama alibadilika. Akawa hali vizuri, haongei, na darasani mambo yakaanza kwenda ovyo. Mtoto akisoma kwa makosa anamwitikia naam, endelea. Akisoma sawasawa anamrudisha nyuma. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba uzee umemfika mwalimu. Nilipomuuliza kinachomsumbua akaniambia nimwache, ana lake na Mungu wake. Ramadhani ikapita hivyo hivyo. Nilidhani ni huzuni, na nitakwambia kweli, nilidhani huzuni yenyewe ni wewe.

Alhamisi baada ya Idi akaniita chumbani akaniambia nifunge mlango. Akatoa ufunguo wa lile kasha lake, akafungua, akainua nguo na misahafu, akatoa kifurushi cha kanga iliyojaa karafuu. Akakifungua mapajani. Rayyan, ilikuwa Jiwe, na ule ufa wake kwenye pembe.

Akaniambia kwamba hakuwahi kuitwanga wala hakuwahi kufikiria. Siku ile alikuwa anatwanga karanga, na ndio ule mchuzi wa karanga ulioula huku unalia. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema mtoto anayemdhania mamake hivyo ataambiwa nini akasadiki? Tena alijua utanuna wiki moja kisha utarudi kusoma. Wiki ikawa miaka, na kila mwaka ulivyopita ikawa vigumu zaidi kuanza. Ukaidi wenu hauna tofauti, maji hufuata mkondo.

Kumbe kila Shaabani, anaposafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani, alikuwa akiitoa, anatia betri za redio yake, anaiwasha, anangoja ile ting!, kisha anatoa betri upesi na kuifunga tena. Betri ikiachwa ndani, aliniambia, hutoka jasho ikaozesha tumbo la kitu. Mimi nilidhani gemu zile zilidumu kwa sababu ya plastiki nene. Zinadumu hivyo, ndiyo, lakini hii yako ilikuwa pia na mtu wa kuitunza. Picha yake ya kijivu macho ya Mama hayaiwezi hata kidogo, kwa hiyo alichokuwa anakitegemea ni ule mlio.

Mwaka huu akatia betri, ikanyamaza. Akatia mpya, ikanyamaza. Akajaribu tena kila baada ya siku chache, Ramadhani nzima, kwa siri. Akaniambia kwamba amana ya mtoto imemfia mikononi, na hajui atamjibu nini Mungu, wala wewe. Alitaka nikuombe radhi kwa niaba yake. Ndipo akatia betri mbele yangu, akasukuma kile kiswichi, ili nami nishuhudie kwamba imekufa.

Rayyan, ilikuwa inaimba.

Ilifanya ting! kwa sauti ile ile, ikafuata na ule muziki wake uliokuwa ukituchosha vichwa. Shamim alikuwa uani akauliza kwa sauti nini kinacholia huko ndani. Na Mama amekaa kitandani, ameishika mkononi, machozi yanamtiririka, ananitazama akingoja nikubali kwamba ni bubu.

Sikujua nimwambieje. Nilisogea kwenye sikio lake la kulia nikapaza sauti: Mama, inalia. Akaniuliza mara tatu kama sisemi uongo kumfurahisha. Nikamwita Shamim, naye akamwimbia ule wimbo kama alivyousikia, na midomo ya mtoto Mama akaielewa. Mimi nilijiandaa kumbembeleza. Yeye akacheka! Akasema alhamdulillahi, amana ya mwanangu salama, kumbe kilichoharibika ni sikio tu. Akashuka akasujudu pale pale kwenye mkeka. Mimi ndiye niliyelia, nikalia kwa ajili yetu wote watatu.

Nilimpeleka hospitali kule Nsambya. Daktari, kijana mwenye heshima zake, alituambia kwamba sikio la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata polepole. Kuna kifaa cha kuvaa, tumeshaanza kukishughulikia, kitamsaidia kiasi. Hakutaka kutudanganya kuhusu muda, akasema tu yale tunayotaka Mama ayasikie tusiyaahirishe. Watoto wadogo sasa nawafundisha mimi, na Mama hukaa pembeni akitazama midomo yao kwa ukali ule ule.

Nilitaka kukupigia simu siku hiyo hiyo azungumze nawe. Alikataa. Anasema kwenye simu husikia upepo tu. Lakini mtu akikaa kuliani kwake, karibu, akasoma taratibu, bado anasikia, na mimi nimehakikisha. Shamim anamwomba kila siku aicheze Jiwe, anajibiwa kwamba ina mwenyewe, na mwenyewe hajahitimu. Nilimwambia basi nikutumie tu huko, mambo yaishe. Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akaniambia nikufikishie hivi: gemu yako itakungoja, Wajapani waliitengeneza itungoje sote, lakini sikio lake halikutengenezwa Japani.

Basi ndugu yangu, nimeyasema. Sikulaumu, na nakuomba usikae huko kujilaumu, maana kujilaumu hakukati tiketi. Ni juzuu tatu. Ulikuwa msomaji mzuri kuliko mimi na Asuman, na Mama hajapata kumsifu mwanafunzi mwingine kama alivyokuwa akikusifu ukiwa umelala. Nakukumbuka sana, Rayyan. Nataka niione siku hiyo, na pilau nitaipika mimi.

Asuman anakusalimu, anasema manati yake anayo bado, kwa hiyo uje kwa adabu. Shamim anamwamkia mjomba wake, anashukuru kwa zawadi na anaomba samahani kwa mkeka. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, mmoja mmoja kwa jina, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Nilikuwa nimalizie hapa, lakini Mama amesimama nyuma yangu anauliza kama nimeandika habari ya betri. Anasema sheria ya chuo ni mwalimu kurudisha alichochukua, na mwanafunzi naye vilevile. Ulizotoa kwenye redio yake zilikuwa nne. Njoo nazo.

Wasalaam,
dada yako akupendaye,
Hajara