Besi Ndani ya Wimbo wa Friji

Al Wukair, Doha
Ijumaa mchana

Kaka yangu Elisha,

Shikamoo kaka. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mguu wa mama umepona, au bado anakaa upande mmoja kanisani? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonifungia ndani na mtoto wa shangazi mpaka jioni. Barua hii anakuletea Dada Zuhura, jirani yetu anayekuja likizo. Haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu. Ungenyamaza, nami ningekata.

Ni kuhusu wimbo wenu mpya. Uliponiambia Neema ameingia kwenye bendi yetu na kinanda chake cha umeme, nilijibu "hongereni", kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Miaka miwili nilipiga gitaa la besi nimewageuzia watu mgongo kwa aibu, na hukuwahi kunilazimisha nigeuke. Sasa nikaona picha: Neema katikati, anacheka, ameegemea bega lako. Mimi sijawahi kusimama katikati ya picha yoyote ya bendi.

Ulipotuma wimbo, niliusikiliza kwenye simu ya shangazi, mtoto analia. Nikasikia kinanda tu, viii, viii, mwanzo mpaka mwisho. Gitaa lako kali liko mbali, besi hakuna kabisa. Ukauliza, "Umeusikiliza vizuri?" Nikasema ndiyo.

Basi nikaingia pale mlipouweka mtandaoni, nikajiita Mpenda Gitaa, nikaandika: "Rudisheni besi. Hii ni sauti ya friji." Nilikuwa wa kwanza. Wengine wakamiminika. "Na friji lenyewe bovu!" "Fundi, ongeza gesi!" Nilicheka peke yangu, kaka. Nilifurahi siku nne nzima. Kisha ukapiga simu, sauti imekushuka: "Mdogo wangu, mtaani wanatuita Friji. Neema kila siku analia. Nafikiri tuvunje bendi." Nikakuambia pole. Pole tu.

Wiki iliyopita Baba Imani, mume wa shangazi, alitupeleka sokoni Umm Salal kununua mboga. Njiani akasema, "Hebu tuusikie huo wimbo wa Friji kwenye spika za gari." Akafungulia. Kiti kikatetemeka. Besi ilikuwepo! Simu ndiyo haikuweza kuitoa. Na kwenye ubeti wa pili ikachelewa kidogo kuingia, palepale ninapochelewa mimi, ukafuata ule mkwaruzo wa waya wa nne wa gitaa langu. Ni besi ile niliyopiga siku ya mwisho kabla sijasafiri, uliponiambia unajaribu tu kinasa sauti.

Baba Imani akanitazama kwenye kioo. "We binti, machozi ya nini? Wimbo wenyewe hata si wa mapenzi!"

Maneno yangu nimeyafuta, ya watu siwezi. Neema msomee hapa: Mpenda Gitaa ni mimi, na ninamwomba radhi. Wivu haujaisha, sitaki kukudanganya. Ile picha bado sipendi kuitazama. Ila msivunje bendi kwa sababu yangu.

Nisalimie mama, na bibi wa nyumba ya pili anayevumilia kelele zetu, na yule fundi wa kuchomelea anayetuachia karakana tufanyie mazoezi. Mwombe afungue mlango, muupige wimbo kwenye spika zake kubwa, mtaa wote usikie. Nitajua nimo humo, hata kama nimegeuza mgongo.

Mdogo wako anayekupenda,
Rehema