Lunette ya Kumi na Mbili

Ruashi, 3 Februari 2024

Kwako Yaya Laurentine,

Jambo sana. Batoto bako namna gani huko Ndola? Kifua chako kilipona? Siye tuko. Bibi yangu Julienne anakusalimia mingi.

Yaya, iko kintu nakuomba. Makanga inafukua karanga zote mu shamba. Niko na bunduki ya papa yetu, ile karabini ya kalibri 22, lakini macho yangu haifiki mbali. Huko banauzisha lunette, zile darubini za kuweka juu ya bunduki. Unitumie ya mara kumi na mbili, yenye kuvuta sana. Dereva wa lori ya kutoka Ndola atanileteya.

Mudogo yako,
Adalbert

Ndola, 12 Februari 2024

Mudogo yangu,

Aksanti kwa salamu. Kifua kilipona, kumebaki kikohozi ya asubui tu. Batoto banasoma.

Nilienda ku duka. Muzee mwenye kuuzisha aliniuliza: "Ni ya kupiga nini, na umbali gani?" Nikasema kanga, ndani ya shamba. Akacheka. Anasema kwa 22, kwa ndege ya metre arobaini, mara ine inatosha. Na kumi na mbili utaona manyoya tu. Kanga ikisogea unaipoteza, na mukono ukitetemeka kidogo, yote inatetemeka. "Ile kubwa," anasema, "ni ya kintu chenye kukaa mbali, pahali pamoja."

Basi, nikukamatie ya ine?

Yaya yako,
Laurentine

Ruashi, 17 Februari 2024

Yaya,

Niko muzima, aksanti. Hapana ine. Kumi na mbili. Umbali ni kutoka shamba yetu mpaka ngambo ya kamuto, ule muto mudogo. Usiulize ule muzee tena.

Adalbert

Ndola, 19 Februari 2024

Mudogo yangu,

Sikuulizi habari ya afya leo.

Ngambo ya kamuto hakuna kanga. Kule kuko nyumba ya Chisanga. Nilikaa ku kilio ya mutoto wako Fils, mulango wa Chisanga ulikuwa pale pale mbele yetu. Najua ni lori yake iliua mutoto. Najua balimufunga siku kidogo, bakamufungua. Na kila magaribi anatoka na kiti, anakaa inje.

Si miye nitakununulia. Kama nimekosea, niandikie, nitakuomba pardon na magoti chini. Ukinyamaza, nitamwambia Julienne.

Yaya yako

Ndola, 6 Machi 2024

Adalbert,

Hujaandika. Simu yako imefungwa. Leo nimepigia Julienne, nimemwambia yote. Unikasirikie, lakini ubakie na siye.

Laurentine

Ruashi, 21 Machi 2024

Yaya,

Jambo. Uko muzima? Leo nakuuliza kwa kweli.

Haukukosea. Lunette niliipata kwa muntu mumoja ku Kasumbalesa. Ya kumi na mbili. Nikalala ndani ya mahindi, magaribi. Chisanga akatoka na kiti yake. Mu lunette alikuwa karibu sana, Yaya, niliona shati yake inakosa kifungo. Lakini muzee wa Ndola alisema kweli: moyo ikipiga, ule muntu anaruka. Mara ni shati, mara ni ukuta, mara ni shingo. Nikangoja pumzi itulie. Ikatulia.

Ndiyo nikasikia Julienne nyuma yangu. Hakupiga kelele.

"Papa Fils, ukimupiga, kesho banakuya kukuchukua. Miye nitalilia bangapi?"

Nikasema, "Anaishi, mama. Kila siku anaishi."

"Namuona. Ulifikiri ni weye peke yako unamuona?"

Akalala pembeni yangu mu matope, akaweka mukono ku mugongo wangu, mpaka Chisanga akaingia mu nyumba. Kesho yake tulipeleka karabini kwa yomba Anaclet, ndugu ya mama yetu, ku Luano. Yeye ataifungia mu nyumba yake.

Usifikiri nimesamehe. Jana Chisanga alinipita ku barabara. Akavua kofia. "Jambo, Papa Fils."

Nikaitika, Yaya. Nilisema jambo. Kisha nikakaa chini pembeni ya njia, mpaka bantu bakaniuliza kama niko mugonjwa.

Mudogo yako,
Adalbert