Homa Uliyonificha, Masanja

Mdogo wangu Masanja,

Sikuandikii kukulilia. Nimeshalia vya kutosha. Leo nakugombeza, na safari hii hutanikatisha kwa kicheko chako.

Unajua tulikotoka. Tangu utoto wetu pale Samuye, sikoseli, ule ugonjwa wa damu, ilikukamata kwenye mifupa mpaka ukauma shuka. Ulipofika miaka ishirini na minne ikawa imeula mfupa wa nyonga yako ya kulia. Fundi cherehani mzima, ukakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto tu, na chooni ukaenda kwa kutambaa. Baba mkubwa alisema ni uvivu. Baadaye akasema umerogwa. Ni mimi niliyepanda nawe treni kwenda hospitali.

Daktari aliyekuwekea nyonga ya chuma hakutuficha kitu. "Kwa mtu mwenye damu yako, chuma kinaweza kulegea mapema, au kikashika usaha," alisema. "Usibebe mizigo. Ukipata homa, hata ndogo, rudi siku hiyo hiyo." Ukajibu, "Nimesikia, daktari." Nilikuwepo, nilikusikia!

Na chuma kilikubali. Asubuhi moja ulikuja kwangu kwa miguu yako, bila fimbo, ukapaza sauti uani kwa salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, dada!" Niliacha uji ukaungua. Tulizunguka nyumba mara tatu, wewe mbele, mimi nyuma nikipiga vigelegele kama mwendawazimu.

Ukatembea mwaka mzima. Kisha ukaniaga, eti unakwenda Geita kuchimba dhahabu. Nikakuuliza kama una akili timamu. "Dada, maisha yangu yote nimeitwa kiwete," ulisema. "Acha na mimi nichoke kama wanaume wengine." Nikanyamaza. Hilo nalo linanichoma mpaka leo.

Kule ulibeba mifuko ya mawe kwa miezi. Nyonga ikavimba, homa ikaja, ukameza vidonge vya maumivu na kurudi shimoni. Wiki tano, Masanja! Na katikati ya wiki hizo ukaniandikia: "Mimi mzima, tena nimenenepa." Mwenzako mmoja ndiye aliyesafiri kuja kwangu. Hata kukaa hakukaa. "Shikamoo, Mama Kabula. Ndugu yako anatoka usaha, na ametukataza kusema."

Nilikukuta umelala chini ya turubai, umegeuza uso. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Wakikitoa hiki chuma nitarudi kutambaa."

Nikakurudisha hospitali, wakakitoa. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Siku ya tisa mkono wako ukalegea ndani ya wangu.

Matangani baba mkubwa alisema mbele ya watu wote, "Bora asingepasuliwa." Nikasimama katikati ya wanaume. "Baba mkubwa, alitembea karibu miaka miwili. Wewe ulimpa nini?" Wakaniona sina adabu. Nilikutetea, lakini palepale, kaburi likiwa bado bichi, nilikukasirikia, kwa kuwa ni wewe uliyempa mzee yule neno la kusema.

Sasa nisikilize. Kabula wangu, mpwa wako, ana damu kama yako. Ametimiza miaka kumi na sita, na wiki iliyopita nimemwona anachechemea. Baba mkubwa ameshakuja kunionya: "Utamuua kama ulivyomuua Masanja." Nikamfungulia mlango atoke.

Juzi tulikuwa tunachambua mchele, Kabula akaniuliza, "Mama, mjomba aliuawa na kile chuma?"

Nilitaka kumdanganya, ubaki shujaa wake. Nilishindwa. "Hapana," nikamwambia. "Aliumwa akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomuua."

Akaweka ungo chini. Machozi yakamtoka, akashika nyonga yake kwa mikono miwili. "Mama, na mimi inaniuma tangu wakati wa kuvuna pamba. Niliogopa kukwambia."

Kesho asubuhi tunapanda treni, mimi naye. Sijui daktari atatuambia nini. Huenda akasema magongo, huenda akasema chuma. Lolote atakalosema, Kabula atalisikia kwa masikio yake, na mimi nitakaa pembeni yake.

Pumzika, Masanja. Nakupenda. Kukusamehe, bado.

Dada yako,
Mama Kabula