Nimewafundisha Kuonja Vidonge

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijawa kichekesho cha wilaya. Mimi ni mganga msaidizi wa makamo, kitambi kipo, nywele zinaniaga, hospitali yetu iko huku milimani, jina niachie, na kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi wapya kutoa dawa, na kwa kuwa makopo hufika yamelowa mvua karatasi za majina zimebanduka, niliwafundisha kugusisha kidonge ulimini, kikiwa kichungu ni klorokwini ya malaria, wakaniita Mzee Ulimi nami nikavimba kichwa, hadi juzi mwanafunzi wangu Verediana alipoonja, akakunja uso, akaanza kuhesabu vidonge vya mtoto mwenye homa, wa mama mmoja aitwaye Niyibizi, na Mama Rosa, muuguzi wetu wa siku nyingi, akamuuliza, “Binti, kopo hilo limeandikwa nini?”

“Halijaandikwa, mama, ila ni chungu.”

“Hata majani ya mubirizi ni machungu. Mbona humpi hayo?”

Wakalinganisha na kopo la stoo lenye maandishi, kumbe ni vidonge vya pumu vya watu wazima, vingemtia mtoto degedege, na Mama Rosa, aliyenizidi miaka kumi, akanigeukia akasema, “Shikamoo, mwalimu.” Wanafunzi wangu wengine watatu wako zahanati za upande wa Kumsenga na Kasanda, wanaonja, na mwisho wa mwezi naongoza semina Kasulu mbele ya mganga mkuu anayenisifu. Nikisema nitaaibika, nikinyamaza sijui. Nifanyeje?

Mzee Ulimi

Ndugu Mzee Ulimi,

Pole, ingawa pole kubwa nampa mama wa yule mtoto. Jibu hili nimelituma pia kwa posta, maana gazeti hufika kwenu likiwa la kufungia sabuni.

Ukilipata, acha chai yako hapo hapo. Mweleze mganga mkuu kwa mdomo wako, kisha panda baiskeli, na hicho kitambi chako, ufike zahanati zote tatu. Usitume salamu. Kopo lisilo na maandishi lirudishwe, hata kama dawa ni haba. Anayetoa dawa asome jina kwa sauti, mwenzake naye aangalie kopo. Semina aifungue Mama Rosa. Wewe ukae mbele na kalamu.

Lakini kuna jambo hukuliandika, na nadhani ndilo linalokukaba. Verediana alizuiwa. Wale watatu nani aliwazuia? Fungueni madaftari ya wagonjwa, mtafute kila mtoto aliyepewa kidonge cha kuonjwa, na mumfuate nyumba kwa nyumba. Uanze na wa mbali.