Kalenda Imetoka, Bibi Hajatoka

Mwenzangu, nimeaibika mpaka nimejifungia chooni. Usipige simu, soma tu.

Unakumbuka nilivyomcheka mjomba? Alinipa kamera yake ya filamu, ile ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka sura ikae sawa. Nikamwambia, "Mjomba, baki na mkokoteni wako. Yangu inalenga yenyewe."

Ikalenga kweli! Bibi na dada yake, walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa, wamekaa sebuleni kila mmoja na kiti chake. Kamera ikapenya katikati yao ikalenga ukuta. Filamu nzima!

Leo picha zimetoka kusafishwa. Kalenda ya ukutani unaisoma hadi tarehe. Wazee wangu wawili ni ukungu mtupu. Na dada mtu alishaondoka, sijui kama atarudi tena.

Sasa sikia. Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. "Macho yangu haya, mjukuu wangu, ndiyo yamekwisha."

Nikanyamaza. Mimi, na mdomo wangu huu, nikanyamaza! Nikamwacha aamini ni macho yake.

Mjomba ndiye aliyesema. "Mama, macho yako mazima. Ni kamera ya huyu mjuaji."

Bibi nimemshika miguu, nimemwambia yote huku nalia.

Sasa mjomba anagonga mlango. "Toka uuombe radhi mkokoteni wangu!"

Nimemjibu humuhumu ndani: bibi nimeshamwomba. Wewe na mkokoteni wako, hata mkilala hapo mlangoni, siombi.