Alama mbili za udi wa Bibi

Jumanne. Joto limeanza mapema mwaka huu, hata mabenchi ya kivulini shuleni hayakaliki. Lakini leo nina furaha, na nataka kuiandika kabla sijaanza kuitilia shaka.

Kwa ajili ya maonyesho ya klabu yetu ya kompyuta nimeandika programu ya kutengeneza udi wa kufukizia. Unaipa vitu vyako, nayo inakupa hatua za kufuata. Udi wenyewe ni wa Bibi, ambaye huupika hapa nyumbani Mawaleh, Maskati, kila harusi ya ukoo inapokaribia, nami humsaidia.

Nilitumia lugha ya kompyuta iitwayo Haskell kwa sababu inakuruhusu kujitungia opereta, yaani alama inayokaa katikati ya vitu viwili kama jumlisha inavyokaa kati ya mbili na tatu. Yangu moja ni ya kuchanganya, nyingine ya kupeleka motoni:

sukari <+> marashi ~> moto <+> udi <+> mafuta

Isome kama Bibi anavyosema: sukari na marashi, weka motoni, kisha tia udi, mafuta mwisho. Mafuta hayaonyeshwi moto, harufu yake itapotea.

Mwenzangu kwenye mradi huu ni Thuraya wa Mabela. Kwao pia Kiswahili ndicho cha nyumbani, na darasani tunakitumia tukitaka kugombana bila wengine kujua.

Leo tuligombana.

Tuliendesha programu mbele ya Mwalimu Shamsa wa klabu, na hatua ya kwanza iliyotokea ilikuwa: pika marashi. Ya pili: changanya na sukari.

"Wee! Marashi yapikwe peke yake?" Thuraya alicheka mpaka akashika meza. "Na sukari mbichi juu yake! Huu udi au sharubati? Bibi yako akiona, anakutoa jikoni kwa mwiko."

Nilicheka pia, lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Thuraya akataka tufute alama zote, tuandike "changanya" na "pika" kwa maneno. Mwalimu alisema tuamue wenyewe kabla ya kengele ya mwisho. Ila tukibaki na alama, aliyezitunga ndiye atakayezieleza kwa wageni siku ya maonyesho, Alhamisi.

Nakiri, nilitamani kukubali. Tukitumia maneno, Thuraya ataongea na mimi nitakaa nyuma ya kompyuta nikibonyeza. Hakuna atakayejua sauti yangu ikoje.

Lakini kosa halikuwa la alama.

Kila opereta ina kipaumbele chake, ndiyo maana kuzidisha hutangulia kujumlisha. Alama ya kuchanganya niliipa sita, sawa na jumlisha. Ya moto nilisahau kuipa chochote, na ukisahau, Haskell inaipa tisa, cha juu kabisa. Kwa hiyo moto uliyanyakua marashi yaliyokuwa karibu yake kabla hayajaonana na sukari.

Niliongeza mstari mmoja tu:

infixl 6 ~>

Sasa zote mbili zina nguvu sawa, na kazi inakwenda kushoto mpaka kulia, mpango ule ule wa Bibi. Niliendesha tena. Sukari na marashi vikapikwa pamoja, mafuta yakaja mwisho.

"Hizi mbili zinabaki," nikasema. Sauti ilitetemeka kidogo, lakini ilitoka. "Nyengine zote nafuta."

Maana nilikuwa nimetunga nyingi, za kufunika, za kuchuja, zenye nyota na mishale, kwa uzuri tu. Nyingine mwenyewe sikukumbuka maana yake. Hapo Thuraya alikuwa na haki, na nilimwambia.

"Haya bibie," akasema. "Alhamisi utasema wewe. Mimi nitakushikia maji."

Baada ya alasiri nilimwonyesha Bibi ule mstari kwenye simu. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali na uso.

"Vidudu hivi ndo udi wangu?"

Nikamweleza, kidole kikitembea chini ya mstari. Alinifuata mpaka mwisho.

"Mafuta hujayatia motoni?"

"La, Bibi. Yako mwisho."

"Basi mimi nna la kuuliza gani tena? Waambie hivyo hivyo. Ila wao uwatazame, mwanangu. Mimi umenisomea zulia."

Kweli. Muda wote nilikuwa naangalia zulia.

Ninaogopa bado, lakini si kama jana. Jana nilikuwa naogopa kwamba nimekosea. Leo najua nilipokosea, najua nilivyorekebisha, na hakuna mgeni atakayeniuliza swali gumu kuliko la Bibi.

Alhamisi nitaanza na sukari na marashi. Nitakwenda kushoto mpaka kulia, bila haraka, na nikifika kwenye mafuta nitainua macho.