Pikipiki Niliyoifunga Kitambaa

Kilosa, Ijumaa baada ya sala

Mtani wangu Mihambo,

Assalaam alaykum, wewe na majirani zako wa huko. Hujambo? Kalamu imezoea kuuliza hivyo, nami nimeiacha iulize. Sisi huku tu wazima, ila miguu ya Mama ndiyo ileile. Anakusalimu. Jana alisema, "Yule Mnyamwezi wako angekuwapo, ningemtuma ugoro." Nikamwambia, Mama, Mihambo hayupo. Akasema, "Najua hayupo. Kwani mimi mtoto?" Basi, nikaenda mwenyewe kununua ugoro.

Maalim ametufundisha kwamba kinachomfikia maiti ni dua na sadaka, si barua. Dua nimekwisha kukuombea leo msikitini, na nitaomba tena. Hii naiandika kwa sababu nimekukosea, wewe na wanao, na sijui nimweleze nani mwingine asinicheke kabla sijamaliza. Wewe pia ungecheka, lakini ulikuwa unajua mahali pa kuachia.

Siku chache baada ya kukuzika nilihamishiwa zahanati mpya ya Tindiga, katika kijiji cha ujamaa. Watu wamehamia wengi, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, lakini dresa, wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, ni mimi peke yangu. Kwa baiskeli ni mwendo wa saa mbili na nusu njia ikiwa kavu, na siwezi kuondoka nyumbani kabla sijamwinua Mama kitandani, kumtawadhisha na kumkalisha. Mke wangu peke yake hamwezi. Kwa hiyo nilikuwa nafika saa nne, jasho linanitiririka, wagonjwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia mbele yao, "Ndugu Omari, ugonjwa hauanzi kazi saa nne." Hakukosea. Siku moja niliona mama amekaa na mtoto ana degedege, ameningojea muda wote huo. Mtoto alipona, Alhamdulillahi, lakini usingizi wangu ulipungua.

Bwana Mganga wa wilaya aliniita, akasema kwa upole tu: kabla ya masika, ama nihamie Tindiga, ama niwe nafika saa moja. Kuhama maana yake ni kumwacha Mama. Kumhamisha Mama ni kumtoa karibu na hospitali na kumweka kwenye tope lile, na yeye mwenyewe amekwisha kusema atatoka Kilosa akiwa amebebwa. Ikabaki kitu kimoja: pikipiki, iliyotumika, ya bei ya mshahara wangu, na isiniangushe njiani.

Ungekuwapo ningekuachia kazi hiyo, nikakae benchini kwenye gereji yako pale karibu na stesheni ninywe kahawa yako. Miaka kumi na moja nilikaa benchi lile nikidhani napiga soga, kumbe masikio yalikuwa yanaokota. Nilipoanza kutafuta, kila nilichosogelea nilisikia sauti yako. "Rangi mpya ni kilemba cha mgonjwa." "Ishike cheni pale nyuma uivute. Ikitoka kwenye meno, muage mwenyewe salama." "Na usiwahi miadi tu, wahi mno. Mjanja huiwasha kabla hujafika ili ikuwakie kwa kiki moja."

Ya kwanza ilikuwa hapa hapa mjini, ya karani mkuu mmoja aliyepata uhamisho. Ya Kiingereza, kubwa, inanguruma kama treni ya mizigo. Mtu mwema yule, bei aliiweka chini. Lakini nilipojaribu kuilaza na kuiinua, Mihambo, niliinua peke yangu nusu tu. Nikajiona nimekwama nayo kwenye tope jeusi la Tindiga, mimi na yeye nani ambebe mwenzake. Spea zake nazo, alikiri, hupatikana Dar es Salaam kwa bahati. Nikamshukuru nikaondoka.

Ya pili niliifuata Mikumi. Kuna bwana aliyekuwa kambi ya wajenzi wa barabara, lami ilipokwisha akabaki na pikipiki ya Kijapani anaiuza. Nilipanda basi la kwanza, nikafika mapema mno kama ulivyoagiza. Imesimama barazani, inang'aa, nyekundu, hata mimi moyo ulinidunda. Akaniambia, "Haijawashwa tangu juzi, ndugu yangu, wewe piga tu." Sikupiga. Niliweka kiganja kwenye injini kama ninavyomshika mgonjwa paji la uso. Ilikuwa na homa. Nikamwambia, mbona ya moto? Akasema, "Ah, jua la Mikumi hili!" Nikamwuliza, jua limepita wapi kuingia barazani? Akanitazama, akacheka, akasema, "Wewe nani kakufundisha?" Nikamwambia marehemu. Aliacha kucheka, nikarudi kungojea basi pembeni ya lami, malori ya Zambia yananifukizia moshi. Nilikuwa na fedha zangu zote mfukoni na sina pikipiki, na mawingu upande wa milimani yalikuwa yameanza kuonekana.

Sasa nafika penye kosa.

Unakumbuka, au huwezi kukumbuka maana ndiyo siku uliyokuwa umelala, siku ya maziko yako. Mimi ndiye niliyekuchoma sindano zile nne, siku nne, na homa haikusikia. Nilikuja msibani sina nguvu ya kulia wala ya kukaa. Lakini mtani ana kazi yake, na Wasagara wenzangu waliokuwapo wote walinitazama mimi. Basi nikaifanya. Jeneza lilipoinuliwa nilisimama mbele ya njia nikasema, "Babu zao walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo Mnyamwezi kabebwa yeye! Mtatulipa nini wapagazi wenu?" Watu wakacheka huku wanalia, mkeo akiwa ndani nikamsikia naye. Ningekufa leo wewe ungesema mabaya zaidi, nakujua: ungesema Msagara akisikia ngoma hupanda mlima akajifiche, na leo kajificha chini.

Halafu nikaenda pale uani ilipo pikipiki yako. Nikaikalia, nikatoa kitambaa changu cha jasho nikakifunga kwenye usukani, nikapiga kelele, "Hii yangu! Aliniahidi! Atakayeigusa tutaonana!" Wote wanajua mchezo huo. Mtani hushika kitu cha marehemu, na ndugu wa marehemu hukikomboa kwa kuku, watu wakala, mambo yakaisha. Kaka yako aliyetoka Tabora aliniambia, "Kuku wako kesho, mtani." Kesho yake treni ikaondoka naye. Nami nikahamishiwa Tindiga, nikasahau. Wallahi nilisahau. Na mkeo alikuwa kwenye eda, si mtu wa kumwendea kumwuliza habari za vyombo.

Sasa sikiliza. Wiki ile niliyotoka Mikumi, nilikaa hotelini kunywa chai na mfanyabiashara mmoja wa Msowero, hanijui wala simjui. Nikamwambia natafuta pikipiki. Akasema, "Hata mimi. Ile ya marehemu fundi wa stesheni ilinifaa, lakini ina mwenyewe. Kuna mtani wake ameishikilia, kaifunga na kitambaa. Mjane anataka kuiuza anunue cherehani, hawezi. Wateja wawili kabla yangu wamerudishwa hivyohivyo. Mtu mzima huyo, ana njaa ya mali ya yatima!"

Nikaweka kikombe mezani.

Nilitaka kumwambia ni mzaha, lakini mzaha wa miezi mitano ni mzaha gani? Nilikumbuka aya tuliyosomeshwa tangu chuoni, kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Hadija wako ana miaka tisa, mdogo wake mitano. Mimi nazunguka mpaka Mikumi kumshika mtu uongo wake kwa kiganja, na mimi mwenyewe kitambaa changu kimewafungia wanao riziki. Nililipa chai yake na yangu, nikatoka.

Jumamosi nilikwenda kwako na balozi wa nyumba kumi, nisiende peke yangu. Mama Hadija alikuwa anakaanga vitumbua vya kuuza. Akaniletea kiti, akasema, "Nilijua utakuja, shemeji. Iko pale." Ilikuwa pale, chini ya turubai. Akaifunua. Mihambo, haikuwa na vumbi. Akasema, "Naifuta kila Alhamisi, ili ukija kuchukua chako usiseme tumekiharibu."

Balozi ndiye aliyesema, "Mama, huyu alikuwa anatania." Mkeo akageuka akanitazama. "Kumbe ulikuwa unatania?" Nikamwambia, shemeji, mimi na mumeo tulikuwa na kazi gani nyingine? Akasema, "Na mimi nilijua ni utani. Lakini haukukombolewa. Wa kuukomboa ni ndugu zake, nao wako Tabora. Mimi ni nani nikifungue kitambaa cha mtani wa mume wangu?" Halafu akaanza kucheka, kicheko kile alichokuwa anakicheka ukimsema, na kikamgeuka katikati. Hakuna aliyeviangalia vitumbua mpaka vikaungua.

Balozi akaamua kwamba Hadija ni damu yako, anatosha. Mtoto akamkimbiza jogoo uani, akamkamata, akanikabidhi kwa mikono miwili, "Shikamoo, chukua kuku wako utupe pikipiki yetu." Nikaitikia marahaba. Nikafungua fundo. Lilikuwa limekaza kwa umande wa miezi, nikalitoa kwa meno. Jogoo tumemla siku hiyo hiyo, na nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yako.

Baada ya kula ndipo nilipomwambia kwamba mimi ni mteja pia, kama hataona vibaya. Sikutaka kupanga bei mimi, wala yeye apange kwa kunionea haya. Tulimwita fundi mmoja wa karakana ya reli aipime. Nami niliikagua kwa mafunzo yako mwenyewe, na nikwambie kweli, fundi, uliaibika. Injini baridi, kiki ya tatu ikawaka, hapo sawa. Lakini cheni legelege! Breki ya nyuma ni ya kumwomba Mungu! Watu wote wa Kilosa uliwatengenezea, ya kwako ukaiacha. Kinyozi hajinyoi.

Na mkeo akaja akasimama kando, anajifuta mikono, akasema bila kuulizwa, "Gia ya tatu inaruka, uishike na mguu. Na tanki linavuja hapa chini. Kila Jumapili alikuwa ananiibia sabuni ya kufulia kuliziba." Yule fundi wa reli alimtazama kwa mshangao. Akaniambia pembeni, "Mzee, miaka yote katika kazi hii sijamwona muuzaji wa namna hiyo." Nami hapo hapo nikakata shauri. Ya Mikumi ilikuwa nzuri kuliko hii. Lakini ile sikuambiwa neno lolote la kweli juu yake, na hii naijua hadi sabuni yake.

Nililipa bei yote aliyoitaja fundi. Sikupunguza hata thumni, na wewe unajua hilo lilivyoniuma. Balozi aliandika hati, kadi imebadilishwa jina. Cherehani imekwisha kuja. Jana nimeisikia kutoka barabarani, anashona sare za watoto wa shule. Namwinua Mama, tunasali, nakunywa uji, na saa moja niko Tindiga. Mwenyekiti hana la kusema, ananitafutia lingine. Siku ya kwanza kufika, bibi mmoja aliitazama pikipiki akasema, "Hii si ya yule Mnyamwezi mwenye kelele?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu amrehemu, alinidai kwa matusi." Nikacheka, halafu ikabidi niingie ndani nipange vidonge.

Nakuahidi mambo mawili. Utani wetu sitauacha. Jina lako nitalitukana kila penye Wanyamwezi mpaka siku yangu, lakini mkono wangu hautagusa tena kitu cha wanao kwa mchezo. Na siku nitakapoiuza pikipiki hii, huyo atakayekuja nitamwambia habari ya gia ya tatu na ya sabuni kabla hajauliza bei.

Pumzika, mtani. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru.

Lipo jambo moja dogo limebaki. Kile kisanduku cha spana, ubavuni mwa pikipiki chini ya kiti, kimefungwa kwa kufuli. Mama Hadija amepekua makoti yako yote, mikebe ya misumari, hata chini ya godoro, ufunguo hauonekani. Fundi wa reli anasema ni kazi ya nyundo mara moja tu. Nimemkataza. Sitaki kivunjwe. Niambie uliuweka wapi, na tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mtani wako,
Omari